Nyonga Mpya na Maumivu Yasiyotaka Kuhama



Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka kanisani, mama mmoja mzee wa parokia yetu alinishika mkono chini ya mwembe. Alikuwa amepasuliwa nyonga ya kuume katika hospitali ya mbali na kutiwa nyonga ya chuma, kwa maana ile aliyozaliwa nayo ilikuwa imekwisha kulika. Watoto wake walichanga fedha muda wa miaka miwili. Siku ile aliponishika mkono, ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu apasuliwe. Kidonda kilikuwa kimepona. Alikuwa anatembea mpaka kisimani, jambo lililomshinda zamani. Walakini kila usiku paja lilimwuma.

Akaniuliza: «Mwalimu, wewe umesoma vitabu. Je, waganga wa hospitali walinidanganya? Ama ni imani yangu iliyo ndogo? Jirani zangu wanasema ni ulozi. Wakwe zangu wanasema mimi ni mvivu tu.»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia: «Mama, unipe siku chache.» Nikatafuta habari za nyonga hizo tangu mwanzo wake, nami leo nawapa ninyi yale niliyompa yeye. Nimeona jambo moja lililonishangaza. Mara nyingi kazi hii ya viungo iliposonga mbele, ni kwa sababu alikuwapo mganga aliyekubali kumsikiliza mgonjwa aliyesema: bado sijawa sawa.

Kiungo chenyewe

Tuanze na mwili wetu. Mfupa wa paja, kule juu, una kichwa cha mviringo kama tufe. Kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, nacho huzunguka humo tunapotembea, tunapopiga magoti na tunapochuchumaa. Mifupa hiyo miwili haigusani yenyewe kwa yenyewe. Kila mmoja umefunikwa na gegedu, kitu cheupe, kigumu, chenye kuteleza sana, na kati yake yamo maji mazito kidogo. Kuteleza kwake kunashinda chuma kilichopakwa mafuta.

Gegedu likilika kwa uzee, kwa kuanguka au kwa ugonjwa, mfupa wakwaruza mfupa. Hapa kwetu Kongo wako hata vijana wanaopatwa na jambo hilo, maana wana ugonjwa wa damu uitwao drepanositozi, na kichwa cha paja hufa kwa kukosa damu. Mtu wa namna hiyo halali, hainami, hatembei. Mzee aweza kukaa nyumbani miaka mingi kana kwamba amefungwa gerezani.

Siku za kisu na mbio

Hapo kale waganga walikuwa na kisu na msumeno tu. Mwaka wa 1826, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, mpasuaji John Rhea Barton alipokea baharia mmoja kijana ambaye nyonga yake ilikuwa imekakamaa baada ya kuanguka. Barton aliukata mfupa wa paja karibu na nyonga, kwa muda wa dakika 7 hivi. Hapakuwa na dawa ya usingizi, ndiyo sababu ilimpasa kwenda mbio. Siku kadhaa baadaye akaanza kuutikisa mguu kidogo kidogo, mifupa isipate kushikana tena. Hivi alimfanyizia yule baharia kiungo cha bandia kwa mfupa wake mwenyewe, naye akatembea. Kwa bahati mbaya, baada ya miaka michache kile kiungo kikakakamaa upya.

Dawa ya usingizi ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston mwaka wa 1846. Mwaka wa 1867 Joseph Lister wa Glasgow alitangaza namna ya kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa ya asidi ya kaboliki. Tangu hapo mpasuaji aliweza kufanya kazi bila haraka, na mgonjwa aliweza kutumaini kuamka na kupona.

Pembe za tembo

Wa kwanza kujaribu kuweka kiungo kizima kisicho cha mwili alikuwa Themistocles Gluck, mpasuaji wa Berlin, Ujerumani. Miaka ya 1890 na 1891 alichonga viungo vya magoti, vya nyonga na vya mikono kwa pembe za tembo. Miaka hiyo Ulaya ilinunua pembe nyingi sana kutoka Afrika, na nchi yetu ya Kongo ilikuwa katika zile zilizotoa nyingi. Babu zetu wa Manyema walizibeba mabegani, wengine wakiwa watumwa. Pembe za Gluck zilitoka wapi hasa, siwezi kusema. Lakini tukumbuke mabega yale.

Wagonjwa wengi wa Gluck walikuwa watu ambao kifua kikuu kimekula viungo vyao. Mwanzo viungo vile vilifanya kazi vizuri, na watu wakastaajabu. Lakini wapi! Vijidudu vilikuwa vingali ndani ya mfupa. Usaha ukatoka, vikapasa kuondolewa. Gluck mwenyewe aliandika habari za kushindwa huko, wala hakuzificha. Ndipo ikajulikana sheria inayofuatwa hata leo: usijenge kiungo kipya juu ya mfupa wenye usaha.

Kioo, chuma na plastiki

Mwaka wa 1923, huko Boston, Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norwe, alitengeneza kikombe cha kioo cha kufunika kichwa cha paja. Kioo kiliteleza vizuri, lakini kilivunjika mtu alipokikanyagia kwa uzito wake. Mwaka wa 1938 alikigeuza kuwa cha madini magumu. Mwaka huohuo Philip Wiles wa London aliweka nyonga nzima, kichwa na kikombe, vyote vya chuma kisichoshika kutu. Kisha, mwaka wa 1946, ndugu wawili wa Paris, Robert na Jean Judet, walianza kuweka vichwa vya plastiki ngumu. Wagonjwa walifurahi, maana maumivu yalipungua upesi. Furaha ile haikudumu: kwa miaka michache plastiki ile ililika au ikalegea, na maumivu yakarudi.

Nyonga iliyolia

Hapo ndipo anapotokea John Charnley, mwana wa mwuza dawa, aliyezaliwa mwaka wa 1911 katika mji wa Bury, Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa mganga wa jeshi. Baadaye akafanya kazi Manchester na katika hospitali ya Wrightington, mahali palipotunza wagonjwa wa kifua kikuu.

Siku moja alimpokea mtu aliyewekewa kichwa cha plastiki cha wale ndugu Judet. Mtu yule alilalamika kwamba kila anapoinama nyonga yake hulia kama bawabu za mlango zisizo na mafuta, hata mke wake amekosa raha ya kukaa naye chumba kimoja. Mwingine angalicheka tu. Charnley hakucheka. Alijiuliza: kwa nini inalia? Akatambua kwamba inalia kwa sababu inakwaruza. Na kitu kinachokwaruza hutikisika, na kinachotikisika mwisho hulegea mfupani. Basi malalamiko ya mgonjwa mmoja ndiyo yaliyomwonyesha njia.

Charnley akakata shauri la mambo matatu. Kwanza, kichwa kiwe cha chuma na kiwe kidogo, milimita 22 hivi, kusudi mkwaruzo upungue. Pili, kishikizwe mfupani kwa simenti ya namna ya pekee, jamaa ya ile plastiki iliyotumiwa na waganga wa meno. Tatu, kikombe kiwe cha kitu chenye kuteleza sana. Akachagua plastiki iitwayo Teflon.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Kuanzia mwaka wa 1958 aliweka vikombe vya Teflon kwa wagonjwa kadiri ya 300. Waliingia wakibebwa, wakatoka wakitembea. Sifa zake zikaenea. Lakini baada ya miaka miwili au mitatu wakaanza kurudi wakisema: bwana, maumivu yamerudi. Teflon ilikuwa inalika upesi, na unga wake ulichokoza nyama na kuharibu mfupa.

Charnley angaliweza kuwaambia: ninyi mmebeba mizigo mizito, kosa ni lenu. Hakufanya hivyo. Alikubali kwamba amekosa, akawapasua tena ili kutoa kile alichokiweka. Zaidi ya hayo, alijitia chembe za Teflon katika paja lake mwenyewe, aone mwili unavyokasirika. Baada ya miezi akapapasa uvimbe mgumu mahali pale, akaandika habari hiyo katika gazeti la waganga ili wengine wasirudie kosa lake.

Mwaka wa 1962 mwuzaji mmoja wa vyombo vya mitambo ya kufuma nguo alifika Wrightington na kipande cha plastiki nyingine iitwayo polietileni. Charnley alikidharau. Lakini fundi wake, Harry Craven, alikitia katika mashine ya kujaribia wakati mkubwa wake alipokuwa safarini Copenhagen. Mashine ilizunguka usiku na mchana. Baada ya wiki tatu plastiki ile ilikuwa haijalika hata kadiri Teflon inavyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi na kuona, hakuona haya kumkubali fundi wake. Mwezi wa 11 wa mwaka uleule alianza kuweka vikombe vya polietileni.

Alitengeneza pia chumba cha kupasulia chenye hewa iliyochujwa. Zamani wagonjwa 7 au zaidi kati ya 100 walipata usaha. Mwishowe hata mmoja kati ya 100 hakufika. Tena aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba, wakifa, ile nyonga itolewe na kuchunguzwa, nao kwa wingi walikubali. Charnley alifariki mwaka wa 1982. Siku hizi watu zaidi ya milioni 1 duniani hubadilishiwa nyonga kila mwaka, na wengine wengi magoti. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba nyonga 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25.

Papa mwenye fimbo

Wazee wetu waliokuwapo mwezi wa 5 wa mwaka wa 1980 wamkumbuka Papa Yohane Paulo II alivyoshuka katika ndege, akapiga magoti na kuibusu nchi yetu. Alirudi tena mwezi wa 8 wa mwaka wa 1985, akamtangaza Anuarite kuwa mwenye heri. Alikuwa mtu wa nguvu, mpanda milima.

Usiku wa tarehe 28 Aprili 1994 aliteleza akaanguka katika bafu yake, akavunjika mfupa wa paja la kuume. Kesho yake alipasuliwa katika hospitali ya Gemelli, Roma, akawekewa kiungo cha bandia. Wakati ule Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikuwa inaendelea, na tarehe 8 Mei, ilipofungwa, Papa alikuwa bado kitandani.

Alitoka hospitali tarehe 27 Mei. Watu walidhani baada ya miezi michache atakuwa kama zamani. Haikuwa hivyo. Mwezi wa 9 ikatangazwa kwamba safari yake ya Marekani imeahirishwa, kwa sababu mguu haujapona. Aliifanya mwaka uliofuata. Tangu hapo alishika fimbo, akachechemea, na baadaye ugonjwa wa Parkinson ukaongeza mzigo. Alipofika nchi mpya hakuweza tena kupiga magoti. Waliletewa udongo wake katika chombo, akaubusu akiwa amesimama.

Mtu huyu alitunzwa na waganga hodari, alisali kila siku, tena kila mtu aliijua bidii yake. Mguu ulibaki kumsumbua. Basi nani kati yetu atathubutu kumwambia mama wa kijijini kwamba anaumwa kwa sababu ya uvivu au ya imani haba?

Kwa nini maumivu hubaki?

Tuseme kweli. Kati ya watu 100 waliobadilishiwa nyonga, kadiri ya 10 huendelea kusumbuliwa na maumivu. Kwa magoti hesabu ni kubwa zaidi, kama 20 kati ya 100. Sababu ni mbalimbali. Pengine kiungo kimelegea, au vijidudu vimeingia. Pengine maumivu hutoka mgongoni. Lakini mara nyingine kiungo kimekaa vizuri kabisa, picha yaonyesha hakuna kasoro, na mtu bado anaumwa.

Hilo nalo lina historia yake. John Bonica alizaliwa mwaka wa 1917 katika kisiwa kidogo cha Italia, akahamia Marekani akiwa mtoto. Alijilipia masomo ya uganga kwa kupigana mieleka mbele ya watu. Mwaka wa 1944, katika hospitali ya jeshi, aliona askari ambao vidonda vyao vimepona lakini wangali wanalia kwa maumivu. Vitabu vyake vya shule havikumsaidia. Akaanza kukusanya waganga wa kila namna wale pamoja na kuzungumza juu ya wagonjwa wale. Mwaka wa 1953 alitoa kitabu kikubwa juu ya kutunza maumivu, na mwaka wa 1973 akaanzisha chama cha dunia nzima cha kuyachunguza. Alijua alichokisema: ile mieleka ilimharibu viungo, akabadilishiwa nyonga zaidi ya mara moja, akatembea kwa magongo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Bonica alikilalia.

Mwaka wa 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kama mlango. Habari za maumivu hupita hapo kabla ya kufika kwenye ubongo, na mlango huo waweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kidogo. Tangu hapo wachunguzi wamejifunza mengi zaidi. Mtu aliyeumwa miaka kumi kabla ya kupasuliwa, mishipa yake ya fahamu huwa imezoea kupiga kelele, nayo haijui kwamba sababu imeondolewa. Hofu, huzuni na kukosa usingizi huufungua mlango. Mwendo wa taratibu, pumziko na maneno mema huufunga kidogo. Kwa hiyo maumivu hayo si ya uongo, wala si ya ulozi.

Ya kufanya

Zamani waliopasuliwa nyonga walilazwa siku nyingi. Siku hizi husimamishwa siku ileile au kesho yake, maana kulala sana hudhoofisha nyama na kugandisha damu. Atembee kidogo mara nyingi kwa siku, si mwendo mrefu mara moja. Afanye kila siku mazoezi aliyofundishwa. Majuma ya kwanza asikae juu ya kigoda kifupi karibu na mafiga, wala asichuchumae chooni, mpaka mganga amruhusu. Watoto wamtengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Avumilie: goti laweza kuchukua mwaka mzima kutulia.

Lakini asivumilie yasiyofaa kuvumiliwa. Akiona homa, usaha, wekundu wa kidonda, uvimbe wa ndama ya mguu, mguu kupinda au kuwa mfupi ghafula, ama maumivu mapya baada ya miaka ya amani, aende hospitali upesi.

Wako wakristu wanaodhani kunywa dawa ya maumivu ni kukimbia msalaba. Papa Pio XII aliulizwa jambo hilo na waganga wa dawa ya usingizi, akawajibu tarehe 24 Februari 1957: mkristu hafungwi kukataa dawa ya kupunguza maumivu. Mwenye kumeza dawa yake kama alivyoagizwa hatendi dhambi.

Na yule mama? Nilimsindikiza kwa mganga. Alipigwa picha, ikaonekana chuma kimekaa imara, na usaha hakuna. Mganga alimsikiliza kwa muda mrefu, akambadilishia dawa na kumpa mazoezi ya paja. Niliwaita wakwe zake nikawasimulia habari za nyonga iliyolia, na za Papa. Walinyamaza. Siku hizi mkamwana wake hutoka naye asubuhi, wanakwenda mpaka kisimani na kurudi. Maumivu yamepungua, hayajakwisha. Usiku mwingine humwamsha. Lakini asubuhi wakimwuliza: «Mama, umelalaje?» husema kweli, nao humsikiliza.

Ndugu msomaji, pengine katika nyumba yako yuko mmoja wa namna hiyo. Umwulize leo, halafu ukae chini umsikilize.